Soka la Wanaume Halina Jina

Sauti yangu, niliambiwa, ni ya salamu.

Aliyeniambia alikuwa mkubwa wangu kazini, kwenye redio moja ndogo hapa Kigoma ambayo jina lake nitalihifadhi. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema vile kama mtu anayekusifia. Nilikuwa nimemwomba anipe kipindi cha michezo, hata zile dakika kumi za saa mbili usiku. Akacheka kidogo: "Dada, mpira unataka sauti nzito. Wewe yako ni ya salamu." Basi miaka miwili nikasoma salamu, za fulani wa Mwandiga zimfikie fulani popote alipo Kasulu, pamoja na wote wanaomfahamu. Nikasoma matangazo ya misiba na ya mbuzi waliopotea Bangwe. Nikaendesha kipindi cha afya ya mama na mtoto, mimi ambaye wakati huo sikuwa na mtoto hata wa kusingiziwa, wakati mwenzangu wa meza ya michezo alikuwa nao watatu.

Na mpira ninaujua. Nimezaliwa Gungu, na hapa mwisho wa reli mtoto anaanza kupiga teke kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Huku ndiko alikotoka kipa Juma Kaseja. Mpira wa makaratasi na kamba za katani nimeusuka mwenyewe, nikacheza chandimu na kaka zangu mpaka darasa la tano, siku bibi aliponiita pembeni akaniambia sasa basi, kifua kinaota. Shuleni nikapelekwa kwenye pete. Wavulana wanabeba mpira wa miguu, wasichana wanabeba ule wa pete, na mwalimu wa zamu wala hajiulizi nani kapanga hivyo.

Niseme kitu kuhusu pete, kwa sababu watu wakitetea redio zetu husema soka la wanawake ni jambo geni, wasikilizaji bado hawajalizoea. Haya. Mpira wa pete je? Mama zetu wamecheza, na wengine mama zao pia. Kila UMISSETA na UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za sekondari na za msingi, una pete. Ila mimi, mtu wa redio, sijawahi kusikia mechi ya pete ikitangazwa mubashara, pasi kwa pasi, kwenye masafa yoyote ya mkoa huu. Kwa hiyo tusisingizie ugeni.

Kinachonishangaza kuliko yote ni lugha yenyewe. Kiswahili hakijali. Ukisikia redioni "ameuchukua, anampiga chenga mmoja, anampiga wa pili, anaachia shuti, gooo!", hakuna silabi hata moja ndani yake inayokwambia kama aliyepiga ana ndevu au ana hereni. Mchezaji ni mchezaji. Kipa ni kipa. Mwamuzi ni mwamuzi. Lugha ilishatusaidia kazi nusu. Sisi watangazaji ndio tunaobandika. Taifa Stars ni timu ya taifa, Twiga Stars ni timu ya taifa ya wanawake. Kuna Ligi Kuu, halafu kuna Ligi Kuu ya Wanawake. Sijawahi kumsikia mtu akisema "soka la wanaume". La wanaume halina jina, linaitwa soka tu, kama vile hilo lingine ni mgeni aliyekuja na kitambulisho.

Tazama hata majina ya timu. Simba ina Simba Queens, Yanga ina Yanga Princess, JKT ina JKT Queens. Ligi yao ilipoanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Malkia na binti mfalme, sawa, ni majina ya heshima, lakini Simba ya wanaume haikuhitaji kuitwa Simba Wafalme ili tuielewe.

Pale kwetu Gungu kuna msichana, namba tisa, wote wanamwita Mayele. Alianza kuitwa hivyo wakati Fiston Mayele yuko Yanga anafunga na kutetema kila wiki, naye akawa kila akifunga anatetema. Jina likamganda. Kuna mwingine anaitwa Chama. Kipa wao ni Diarra. Yote ni majina ya wanaume waliotamba Simba na Yanga. Nimepita viwanja vingi vya mchangani, kuanzia Katonga mpaka Mwanga, na bado sijakutana na mvulana hata mmoja anayeitwa Oppah. Oppah Clement amefunga mabao mengi na Simba Queens, akaenda Uturuki kuichezea Besiktas. Aisha Masaka ametoka Yanga Princess, akapita BK Häcken ya Sweden, na 2024 akasajiliwa Brighton ya Uingereza. Mvulana wa Gungu ukimuuliza Masaka ni nani, atakuuliza na yeye anaimba nyimbo gani.

Sasa nije kwenye dhambi zangu.

Yule mwenzangu wa michezo alipata kazi Dar es Salaam, akaondoka ghafla, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine nikapewa kiti chake "kwa muda". Wiki ya pili kukawa na mechi ya wasichana wa Gungu na wenzao wa Ujiji. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anacheza pale beki wa kulia. Nilifurahi kweli. Nikaandika taarifa yangu vizuri, nikaisoma kwa mbwembwe: "Warembo wa Gungu jana waliwatoa jasho dada zao wa Ujiji..." Na mbele kidogo nikaongeza kwamba namba tisa wao anapiga mpira kama mwanaume. Nikatoka studio najiona nimefanya mapinduzi.

Usiku mdogo wangu akapiga simu. Hakusalimia.

"Dada, wale kaka uliowasoma kabla yetu, mbona hukuwaita watanashati?"

Nilitaka kujitetea, nikakosa pa kuanzia. Nilikuwa nimesoma mechi tatu za wanaume usiku ule, na katika zote tatu nilisema nani kafunga, dakika ya ngapi, kwa pasi ya nani. Kwenye mechi yao nilisema warembo, nilisema dada, nilisema kama mwanaume, na matokeo. Jina la mfungaji sikulitaja. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa ametoa pasi ya bao, na hilo pia sikulitaja.

Agosti 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akizungumza Ikulu aligusia maumbile ya wachezaji wa kike wa soka, vifua vyao na habari za kuolewa, na kauli ile ikazunguka mitandaoni mpaka nje ya nchi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokasirika, tena sana, maana aliyesema ni mwanamke mwenzetu aliyefika mahali ambapo hakuna mwingine wetu aliwahi kufika. Baada ya ile simu ya mdogo wangu, hasira zangu zilipungua makali. Rais aliona sura kabla ya mpira, nami niliona sura kabla ya mpira. Tofauti ni kwamba mimi nilisifia.

Mwaka huohuo, Julai 25, fainali ya Kombe la Shirikisho ililetwa hapa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Aliyekuwepo anajua. Nyumba za wageni zilijaa mpaka watu wakalala kwenye magari, migebuka ikapanda bei mchana kwa mchana, na Simba wakashinda 1-0 kwa kichwa cha Taddeo Lwanga. Akina mama waliuza chakula kuanzia alfajiri. Wiki nzima redio yetu haikuongea kingine. Nani aliongea? Mwenye nyumba ya wageni, dereva wa bodaboda, shabiki aliyetoka Mwanza na jogoo, mzee aliyewahi kucheza zamani. Wale akina mama ambao sufuria zao ndizo zilizolisha mji ule siku ile, hatukuwasogezea maiki. Nilikuwepo. Nilinunua ndizi kwa mmoja wao huku kinasa sauti kikiwa kwenye mkoba.

Kuna utafiti unaofanyika duniani kila baada ya miaka mitano tangu 1995, wa kuhesabu ni akina nani wanaosikika na kuonekana kwenye habari. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaozungumziwa au kuhojiwa. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Robo karne, pointi nane. Nilipoziona namba hizi mara ya kwanza nilidhani ni matatizo ya nchi za mbali. Halafu likaja suala la ziwa.

Mnamo 2024 Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Nikatumwa Kibirizi kutafuta maoni. Nikamhoji mwenye mitumbwi, nikamhoji nahodha, nikamhoji mwenyekiti, nikamhoji mtaalamu wa uvuvi. Wanaume wanne. Pembeni yangu walikuwa wanawake wameketi juu ya mabeseni yaliyopinduliwa, kwa sababu hayakuwa na dagaa wa kubeba. Dagaa akishushwa pale mwaloni, anayemnunua, anayemwanika mchangani na kwenye vichanja, anayemgeuza, anayemfungasha kwenda sokoni kwa sehemu kubwa ni mwanamke. Ndiye aliyekuwa anapoteza miezi mitatu. Mimi nilichofanya, na hili linanikera mpaka leo, nilinyoosha maiki kuelekea kwao nikarekodi mazungumzo yao kwa mbali, sekunde 20, nikaziweka chini ya sauti yangu ili habari iwe na "mazingira". Sauti zao niliziweka pamoja na mawimbi na ndege.

Najua kuna atakayeuliza mpira umeingiaje mwaloni. Nusu ya kikosi cha Gungu ni watoto wa wale wa kwenye mabeseni. Ziwa lilipofungwa, mazoezi yalipungua watu. Binti mkubwa ndiye aliyeachiwa wadogo zake mama akienda kuhangaika kwingine. Hakuna timu ya wavulana niliyoisikia ikikosa beki kwa sababu hiyo.

Historia nayo tunaichuja hivyohivyo. Muulize Mtanzania yeyote wa rika langu kuhusu riadha atakwambia Filbert Bayi, Christchurch, 1974, rekodi ya dunia ya mita 1,500. Na ni haki yake, mbio zile ni fahari. Ila miaka tisa kabla, kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville ya 1965, Theresia Dismas alirusha mkuki akaleta medali ya fedha. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nikasoma chuo cha utangazaji, nikafanya kazi redioni, na jina hilo nimelijua nikiwa na zaidi ya miaka 30, tena kwa bahati, nikitafuta kitu kingine.

Na Oktoba 2022 je? Serengeti Girls walikwenda India, Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Kabla yao hapakuwa na timu ya soka ya Tanzania iliyofika fainali za Kombe la Dunia la FIFA, ya rika lolote. Wakafungwa na Japani 4-0, wakajifuta vumbi, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia 3-0. Watoto wa sekondari wameifunga Ufaransa! Kama ni vijana wa kiume, hapa mjini zingepigwa vuvuzela mpaka Burundi wasikie. Siku ile nilipita kibanda umiza kimoja Mwanga, kwenye ubao wa nje wameandika kwa chaki ratiba ya jioni, mechi mbili za Uingereza na moja ya Hispania.

Kijiweni Ujiji, pale kwenye kahawa, nililipeleka suala hili kwa wazee, maana baba mdogo yupo na wananivumilia. Mzee mmoja, Yanga wa damu, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, usitulaumu. Mpira wa wanawake haujawahi kuvuta watu. Popote duniani."

Nikamsimulia habari ya Uingereza. Desemba 26, 1920, pale Goodison Park mjini Liverpool, timu ya wanawake wa kiwandani iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza mbele ya watu wapatao 53,000. Hawakukosa watu. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha soka cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu zake, kikisema mchezo huu hauwafai, na marufuku ile ikadumu takriban miaka 50. Mzee akanywa kahawa yake. Akauliza, "53,000?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi waliogopa."

Mwenzake akaruka na hoja ya fedha, kwamba udhamini unafuata biashara. Hapo kuna kitu, sikatai. Mei 2021 Azam Media waliingia mkataba wa kuonesha Ligi Kuu ya wanaume kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Hakuna anayetoa fedha hizo kwa hisani. Lakini ligi ile imepigiwa debe na kila redio ya nchi hii, bure, kila jioni, tangu mimi sijazaliwa. Ungeipa pete debe hilo tuone. Na hata anayefika juu kabisa anakutana na mizani ileile: Ivory Coast walipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa 2024 walipata dola milioni 7. Nigeria walipotwaa la wanawake Julai 2025, wakitoka nyuma 2-0 na kuwafunga Morocco 3-2 kwao, walipata milioni 1, na hiyo ni baada ya zawadi kuongezwa maradufu. FIFA nao waligawa dola milioni 440 Qatar 2022 na milioni 110 kwa wanawake 2023. Mzee wa Yanga akahesabu kwa vidole akasema mara nne. Nikamwambia ya Afrika mara saba. Akasema ongeza kahawa.

Sitaki kusema hakuna kilichosogea. Februari 2016 Jonesia Rukyaa alichezesha Yanga na Simba, filimbi mkononi, wanaume 22 wakimsikiliza. Siku hizi hakuna anayeshangaa kuona mwanamke akishika kibendera. Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, walipopanda Ligi Kuu 2023 na mechi kubwa zikaanza kuja Lake Tanganyika mara kwa mara, nimewaona wasichana wengi zaidi jukwaani, jezi na kila kitu. Ila mimi nikifika kwenye geti la waandishi, hapa na mikoa mingine, bado nasikia: "Umekuja na nani, dada?"

Jumapili moja mwaka huu nilikwenda kuwaangalia Gungu na timu ya Katonga, uwanja wa shule. Mechi ilipangwa saa 8 mchana, jua la utosi, kwa sababu saa 10 uwanja ni wa wanaume. Dakika ya 60 hivi kocha wa Gungu akataka kubadilisha winga. Aliyetolewa akakaa chini palepale kwenye mstari, akaanza kufungua njumu. Yule anayeingia amesimama pekupeku, anamsubiri. Kamba za kiatu cha kushoto zilikuwa na fundo. Mwamuzi akasimamisha mpira, wachezaji wa pande zote wakasogea kunywa maji, na mama mmoja akaja na meno yake kulifungua lile fundo. Walipomaliza, mpira ukaendelea. Hakuna aliyecheka.

Saa 9 na nusu wanaume wakaanza kufika, wakaingia na mipira yao, wakawa wanapasha nyuma ya goli, halafu pembeni ya goli, halafu karibu ndani ya goli. Gungu wakashinda 3-2. Mayele alifunga mawili, la pili dakika za nyongeza, kwa kisigino, akiwa amewapa mgongo mabeki wawili. Niliyaandika yote kwa kalamu kwenye kiganja, kwani daftari nilikuwa nimelisahau.

Usiku nikalisoma katikati ya taarifa, baada ya Ligi Kuu na kabla ya Ulaya. Nikasema Gungu, nikasema Katonga, 3-2. Nikataja wafungaji kwa majina ya ukoo, dakika zao, pasi zimetoka kwa nani, na lile bao la kisigino nikalielezea taratibu kama linavyostahili. Jina la Mayele sikulitumia, ana lake. Neno "wanawake" sikulisema, wala wasichana, wala warembo. Lugha ikanisaidia, kama kawaida yake.

Sijavua vipokea sauti, simu ya studio ikalia. Ni kocha mmoja wa timu za ndondo, yale mashindano ya mtaani, sauti nzito hasa, ile ya mpira.

"Dada, hongera kwa taarifa. Huyo namba tisa wa Gungu, wa kisigino, ana timu? Sisi tuna ndondo mwezi ujao na mbele hatuna mtu."

Ulimi ulishaanza kwenda kwenye "lakini ni wa". Nikaurudisha.

"Wanafanya mazoezi saa 12 asubuhi, uwanja wa shule," nikamwambia. "Nenda ukamwone mwenyewe, mwalimu."

"Nitakwenda kesho. Mwambie asisaini kwingine."